Je, Lincoln's Inn ilikuwa hoteli? Swali kuhusu cheti cha wakili wa zamani

Karani wa Nkrumah Road

Assalamu alaikum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, kwenye jengo la kale lenye ngazi za mbao, hatua chache kutoka ile mahakama ya zamani ya mwaka 1902 inayotazamana na Ngomeni. Wiki iliyopita tulipaka rangi, nami nikapewa kazi ya kuteremsha fremu zote na kuzipangusa. Moja ina cheti cha marehemu mzee aliyeianzisha ofisi hii, Mola amrehemu, na ingawa nimeipita fremu hiyo kila asubuhi kwa miaka 11, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma kwa karibu. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa na pembe moja imeliwa na wadudu, lakini wino ungali mweusi. Kinachosomeka ni kwamba mnamo mwaka 1956 mzee alipewa daraja ya uwakili na Lincoln's Inn ya London.

Maneno mawili yamenitatiza. La kwanza ni hilo "Inn", ambalo kamusi yangu inaeleza kuwa ni nyumba ya wageni ya kula na kulala, na vijana wa ofisini wameshaanza kutania kwamba kumbe mzee alisomea hoteli. La pili ni "Utter Bar", ndiyo daraja ambayo cheti kinasema aliitwa. Nikitafuta "utter" napata "kabisa" na pia "kutamka", na hakuna hata moja linaloingia hapo.

Tena kuna msemo wa mzee mwenyewe ambao sote tuliuzoea bila kuuelewa. Wanafunzi wa sheria walipokuja kwake kwa mazoezi alikuwa akiwaambia, "Mimi sheria nimeila kabla sijaisoma." Tulidhani ni mzaha wa watu wazima.

Naomba anayejua anieleze: hizi Inn ni kitu gani, zilianzaje, na majengo yake yapo hadi leo?

Maalim Mstaafu

Wa alaikumu ssalaam, mwanangu. Waambie vijana wako waache kucheka, kwa maana mzee hakusomea hoteli, ingawa kwa upande wa chakula watakuwa wamekaribia ukweli kuliko wanavyodhani.

Katika Kiingereza cha kale, "inn" lilikuwa jumba la mjini la mtu mkubwa, kama vile askofu au mwenye ardhi, ambamo alifikia yeye na watu wake kila alipokuja London kwa shughuli za mfalme. Fikiria nyumba ya ukoo hapa Mji wa Kale ambayo jamaa wote wa Lamu hufikia humo, ndivyo ilivyokuwa. Majumba hayo yalipokodishwa kwa watu wa sheria, yakawa makazi yao ya kulala, kula na kusoma pamoja, na baada ya miaka mingi jina la nyumba likawa ndilo jina la jamaa waliomo. Mimi ningelitafsiri "dakhalia", kwa sababu hapo mwanzo ilikuwa dakhalia hasa, wala si shule wala si chama.

Kwa nini walihitaji dakhalia? Mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 uliweka sharti kwamba kesi za raia kwa raia zisikilizwe mahali maalumu, badala ya wadai kumfuata mfalme kila anakokwenda. Mahali hapo pakawa Westminster. Wafanyabiashara wenye kesi, nao, walikuwa ndani ya kuta za mji wa London, upande wa mashariki. Watu wa sheria wakatafuta makazi katikati ya sehemu hizo mbili, maeneo ya Holborn, Fleet Street na Chancery Lane, na humo humo wamebaki mpaka leo. Inn zilizodumu ni nne: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple.

Sababu ya pili ni ya elimu, na ndiyo iliyozipa nguvu. Oxford na Cambridge zilifundisha sheria ya Kirumi na sheria ya Kanisa, kwa Kilatini. Ile sheria ya Kiingereza yenyewe, inayotokana na hukumu za mahakimu, haikufundishwa katika chuo kikuu chochote mpaka William Blackstone alipoanza kutoa mihadhara yake Oxford mwaka 1753. Aliyetaka kuijua kabla ya hapo alikwenda Inn: mchana alikaa mahakamani kusikiliza, na jioni, meza zikishaondolewa, ukumbi wa chakula uligeuzwa mahakama ya mazoezi. Wazee waliketi kwenye benchi la mahakimu, na ndiyo maana mpaka leo viongozi wa Inn huitwa watu wa benchi. Vijana walikaa kwenye mabenchi marefu mbele yao: wanaojifunza katikati, na wale waliokwisha kuiva kiasi cha kusimama na kutoa hoja wakakaa kwenye ncha za nje. Hapo ndipo penye jawabu la neno lako la pili. "Utter" ni matamshi ya kale ya "outer", yaani "wa nje". Kuitwa Utter Bar ni kutolewa katikati ya benchi la wanafunzi na kuwekwa nje, penye haki ya kusema.

Sasa chakula. Mafunzo yalipofifia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, kilichobaki ni kile kula. Mwanafunzi alitakiwa kutimiza mihula 12, takriban miaka mitatu, na ushahidi kwamba ametimiza muhula haukuwa daftari la mahudhurio ya darasani bali idadi ya karamu za jioni alizokula ukumbini, akiwa amevaa joho. Mtihani wa kufuzu haukuwa wa lazima hadi mwaka 1872. Kwa muda mrefu kabla ya hapo ungeweza kabisa kuwa wakili kwa kula tu na kulipa ada. Na hata mtihani ulipokuja, karamu hazikuondolewa. Mzee wako wa mwaka 1956 alifanya mitihani, bila shaka, lakini msemo wake ni wa kweli neno kwa neno.

Mohandas Gandhi alijiunga na Inner Temple mwaka 1888, akaitwa uwakili tarehe 10 Juni 1891. Yeye alikuwa hali nyama wala hanywi, na alieleza jinsi kila meza ya watu wanne ilivyopewa chupa mbili za mvinyo, hivyo wenzake wakimgombania awe wa nne wao ili mgao wake wagawane watatu. Yeye na mwanafunzi mmoja wa Kiparsi wakaomba wapikiwe mboga, wakakubaliwa. Nadhani vijana wetu wa pwani waliokwenda huko baadaye wanaijua vizuri sana hali ya kukaa kwenye meza ya namna hiyo.

Mpenda Historia, Tudor

Ahsante Maalim. Naongeza tu kwamba Inn zote nne ziliundwa na Mfalme James wa Kwanza kwa hati yake ya mwaka 1608.

Wakili wa Kizingo

Ndugu yangu wa Tudor, kwa heshima naomba nikusahihishe, kwa sababu kosa hili linarudiwa mno na linaficha jambo lililo muhimu kuliko yote katika habari hii.

Hakuna mfalme aliyeziunda. Inn hizi hazina hati ya kuzaliwa na wala hakuna anayeweza kutaja mwaka zilipoanza. Lincoln's Inn, kwa mfano, ina vitabu vya kumbukumbu za vikao vyake, vinavyoitwa Vitabu Vyeusi, vinavyoanza mwaka 1422. Lakini ukurasa wa kwanza unaonyesha jamaa waliokwisha kuwa na taratibu zao, na hakuna dalili ya watu wanaoanza siku hiyo. Mwasisi wa kuandika waraka wa kwanza hakuwepo. Walikuwa wapangaji tu waliozoeana.

Hati ya mwaka 1608 inahusu Inn mbili kati ya nne, yaani Inner Temple na Middle Temple, na inahusu ardhi. Ili kuielewa inabidi turudi nyuma sana. Kiwanja kile kilikuwa cha mashujaa wa Hekalu, lile jeshi la watawa lililoanzishwa Jerusalem wakati wa Vita vya Msalaba, na jina Temple limetoka kwao. Kanisa lao, ambalo lipo bado, lilijengwa la duara kwa kuiga Kanisa la Kaburi Takatifu la Jerusalem, na aliyelizindua mwaka 1185 alikuwa Heraclius, Patriaki wa Jerusalem mwenyewe, aliyekuja Ulaya kuomba msaada wa vita. Miaka miwili baadaye Salahuddin aliutwaa mji huo. Mwaka 1312 Papa aliivunja jamii ya mashujaa hao na mali yao ikapewa jamii nyingine ya watawa wa kijeshi, Wahospitali (Hospitallers), ambao hawakuwa na haja na kiwanja chote, wakakipangisha. Wapangaji wakawa watu wa sheria. Tunajua walikuwa wameshatulia humo kufikia mwaka 1381, kwa sababu wakulima walioasi mwaka huo waliivamia Temple na kuchoma vitabu na nyaraka, wakiamini kwamba utumwa wao umeandikwa humo. Hawakukosea sana, nafikiri.

Henry wa Nane alipozivunja jamii za watawa, kiwanja kiliangukia mikononi mwa taji mwaka 1540. Kuanzia hapo wapangaji waliishi kwa wasiwasi, kwani mfalme yeyote mwenye shida ya fedha angeweza kuuza nyumba wakiwa wamelala ndani. Ndipo katika mwaka 1608 wakafanikiwa kumshawishi James awape ardhi ile milele, kwa sharti kwamba itumike daima kwa makazi na elimu ya wanafunzi na watendaji wa sheria, na kwamba Inn zote mbili zilitunze kanisa na kumlipa kasisi wake. Mpaka leo wamegawana: upande wa kusini wa kanisa ni wa Inner, upande wa kaskazini ni wa Middle.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana hapa. Hiyo ni wakfu. Mali haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Imefungwa kwenye kazi yake. Na ukitaka kuona tofauti, tazama walioikosa. Palikuwa na jamaa wa mawakili wakubwa kuliko wote, walioitwa maserjanti, ambao kwa karne nyingi mahakimu wa mahakama kuu walichaguliwa kutoka kwao peke yao. Nao walikuwa na Inn yao. Mageuzi ya mahakama ya miaka ya 1870 yalipoifuta nafasi yao, waliamua kwamba jumba ni mali yao binafsi, wakaliuza mwaka 1877 na kugawana fedha. Leo ukiuliza maserjanti wako wapi, utaonyeshwa majina ya barabara.

Zilikuwepo pia Inn ndogo ndogo, zaidi ya nane, zilizoitwa Inn za Chansela, ambazo mwanzoni zilikuwa kama madarasa ya chini ya kuandaa vijana na baadaye zikawa za mawakili wa ofisini, wasioruhusiwa kusimama mahakama za juu. Hao nao wakaanzisha chama chao kipya mwaka 1825, Law Society, na Inn zao zikafa moja baada ya nyingine. Ya Clifford, iliyokuwepo tangu mwaka 1344, ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Lincoln's Inn ya mzee wenu haikupewa ardhi na mfalme yeyote. Kiwanja kilikuwa cha maaskofu wa Chichester, na jamaa wakakinunua kwa fedha zao mwaka 1580.

Mpenda Historia, Tudor

Nimekubali, wakili. Nilikuwa nimeisoma hati bila kusoma mipaka ya kiwanja.

Fundi wa Boriti

Nimesubiri mtu aulize habari za majengo na naona mmeyapita mbio, kwa hiyo niruhusuni.

Kazi yangu ni kukarabati nyumba za Mji wa Kale. Kila fundi wa hapa anajua kwamba mwenye kuamua upana wa chumba cha Kiswahili ni mkoko, wala mwenye nyumba hana usemi. Boriti ya mkoko ikibeba dari la mawe na chokaa haiwezi kuvuka zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na ukitaka nafasi zaidi unaongeza chumba kingine nyuma ya cha kwanza. Sasa basi, ukumbi wa Middle Temple, uliojengwa kati ya mwaka 1562 na 1573 wakati Edmund Plowden akiwa mweka hazina, una urefu wa takriban mita 30 na upana wa zaidi ya mita 12, na hakuna nguzo hata moja katikati.

Walifanyaje? Hawakutafuta mti wa mwaloni wa mita 12. Badala yake, kutoka kila ukuta walichomoza kipande kifupi cha mti, mfano wa mkono uliokunjwa kwenye kiwiko, kikashikwa chini kwa mhimili uliopinda. Juu ya ncha ya mkono huo wakasimamisha nguzo fupi, na juu ya nguzo hiyo wakachomoza mkono wa pili, hatua nyingine kuelekea katikati. Kwa hatua hizo mbili kila upande, pengo linalobaki juu ni dogo na linavukwa na mti wa kawaida. Uzito wote unateremka kwa kupokezana mpaka ukutani. Ni paa linalofanya kazi kama watu wanaopasishana ndoo kwenye moto. Nimetazama picha zake kwa kioo cha kukuzia mara nyingi na bado kila nikirudi naona kiungo ambacho sikukiona jana.

Katika ukumbi huo, tarehe 2 Februari 1602, mchezo wa Shakespeare uitwao Twelfth Night ulichezwa mbele ya mawakili, na hilo ndilo onyesho la kwanza la mchezo huo lililoandikwa. Tunajua kwa sababu mwanafunzi mmoja, John Manningham, aliutaja kwenye shajara yake. Gray's Inn nao walikuwa wametangulia na mchezo wake mwingine, The Comedy of Errors, mnamo Desemba 1594. Meza kuu ya Middle Temple ina urefu wa karibu mita tisa, na inasemekana mbao zake ziliteremshwa kwa mto Thames kutoka msitu wa Windsor, zawadi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Ni mapokeo, lakini ukweli ni kwamba meza hiyo haiwezi kupita mlango wowote wa ukumbi, kwa hiyo tangu iingizwe haijatoka.

Kwa upande wa Lincoln's Inn, anachopaswa kukijua karani wetu ni kwamba mzee wake alipita kwenye lango la matofali la Chancery Lane lililomalizika mwaka 1521, na milango yake ya mwaloni ina tarehe ya mwaka 1564. Ukumbi wa Kale ulio ndani ni wa miaka ya mwisho ya karne ya 15. Kanisa lao liliwekewa jiwe la msingi na mshairi John Donne, aliyekuwa mhubiri wao, na likafunguliwa mwaka 1623. Limeinuliwa juu ya matao, na chini yake ni uwazi wa kupita na kukaa. Donne angekuja Mombasa angesema ni baraza. Ukumbi Mkubwa, ambamo mzee bila shaka alikula karamu zake, ni mpya kwa hesabu zao: ulifunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1845.

Mbali na kumbi, Inn nzima ni safu za nyumba zilizozunguka nyua, na kila nyumba ina ngazi yake. Ofisi za mawakili zimepangwa kwa ngazi, na kwenye kila mlango wa ngazi kuna ubao mrefu ulioandikwa majina kwa rangi na kwa mkono, mkubwa juu, mdogo chini. Mkubwa akiondoka, ubao huandikwa upya.

Na majengo hayo hayakusalimika bure. Moto wa Januari 1679 huko Temple uliwakuta Thames umeganda kwa baridi, maji hayapatikani, wakauzima kwa bia kutoka kwenye ghala zao. Usiku wa tarehe 10 Mei 1941 ndege za Wajerumani ziliichoma Temple: paa la kanisa la duara liliporomoka, na zile nguzo za marumaru ya Purbeck zikapasuka kwa joto hata ikabidi zichongwe nyingine. Ukumbi na maktaba ya Inner Temple vilikwisha kabisa. Vilivyopo sasa ni vya miaka ya 1950. Huko Middle Temple bomu lilikuwa limeshapiga ukuta wa mashariki mwaka 1940 na kulivunjavunja pazia la mbao lililochongwa mwaka 1574. Waliokota vipande vyote, wakavihifadhi, na baada ya vita wakaliunganisha tena, kipande kwa kipande. Hapa kwetu nimeona mlango wa kuchonga wa miaka 150 ukipasuliwa kuni kwa sababu bawaba moja ilivunjika.

Binti wa Kibokoni

Wazee wangu, nimefaidika, lakini mmezungumza kama kwamba wanawake hawakuwepo. Hawakuwepo kweli, na si kwa bahati mbaya: walikataliwa mmoja baada ya mwingine mpaka Bunge lilipopitisha sheria Desemba 1919 ya kuondoa kizuizi cha jinsia. Helena Normanton alipokewa Middle Temple siku moja tu baada ya sheria kupita, na Ivy Williams akawa wa kwanza kuitwa uwakili Uingereza, Inner Temple, tarehe 10 Mei 1922. Lincoln's Inn ilimwita Cornelia Sorabji wa India mwaka 1923, miaka zaidi ya 30 baada ya kufanya mtihani wake wa sheria Oxford.

Nina swali pia. Babu yangu alikuwa akisema kwamba Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, aliichagua Lincoln's Inn kwa sababu jina la Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, limeandikwa mlangoni pake pamoja na watoa sheria wakubwa wa dunia. Ni kweli?

Maalim Mstaafu

Binti yangu, umenikumbusha jambo nililopaswa kulisema, na kuhusu wanawake umenisuta kwa haki.

Habari ya Jinnah aliisema mwenyewe, mjini Karachi, zaidi ya miaka 50 baada ya kuitwa uwakili. Lakini mlangoni hakuna orodha ya namna hiyo. Kilichopo ni mchoro mkubwa wa ukutani ndani ya ule Ukumbi Mkubwa alioutaja Fundi, uliochorwa na G. F. Watts na kumalizika mwaka 1859, unaoonyesha watoa sheria wa zama mbalimbali, miongoni mwao Musa, Justinian, Charlemagne na Edward wa Kwanza, na Mtume wetu naye ametiwa humo. Unajua msimamo wetu kuhusu kumchora. Wengi wanaona kwamba Jinnah, akizungumza na Waislamu siku ya Maulidi, aliona ni adabu zaidi kutaja jina lililoandikwa kuliko sura iliyochorwa. Mimi ninaafikiana nao. Mzee wa karani wetu, kama alikuwa mwenzetu katika dini, alikula karamu zake zote chini ya ukuta huo, na ningetoa kitu kujua aliwaza nini.

Wakili wa Kizingo

Niongeze neno moja kwa ajili ya cheti chenyewe. Hapa Kenya hatuna mgawanyo wa barista, yaani wakili wa kusimama mahakamani, na wakili wa ofisini. Sote ni mawakili, na mtu mmoja huandika mkataba asubuhi na kusimama mbele ya jaji mchana. (Vijana wangu wakisikia "barista" wanafikiria mpika kahawa.) Lakini katika zama za mzee, hapakuwa na shule ya sheria Afrika Mashariki. Aliyetaka uwakili alikwenda ng'ambo, na wengi walirudi na karatasi ya mojawapo ya Inn hizo nne. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, aliitwa Gray's Inn mwaka 1954. Mlango huo ulianza kufungwa mwaka 1961, pale kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam, na kamati iliyoongozwa na Jaji Denning ikapendekeza Waafrika wafundishiwe sheria kwao. Denning mwenyewe alikuwa mtu wa Lincoln's Inn.

Karani, Inn hizi hutunza daftari za waliopokewa, na kwa kawaida huandika jina la baba na mahali alipotoka mwanafunzi. Familia ikitaka, iwaandikie watunza kumbukumbu wa Lincoln's Inn, itaje jina kamili na mwaka 1956.

Karani wa Nkrumah Road

Ahsanteni sana, wazee wangu, nawe dada wa Kibokoni.

Jana baada ya Alasiri nilikwenda kumwamkia bibi wa marehemu, nikamsomea majibu yenu yote kutoka mwanzo. Nilipofika kwenye chupa mbili za mvinyo na watu wanne alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Akaniambia kwamba mzee katika barua zake alikuwa akilalamika kwamba viazi vya Waingereza havina chumvi, na kwamba kila karamu alikuwa akihesabu: zimebaki kumi na saba, zimebaki kumi na sita. Barua hizo anazo, kwenye sanduku la mkononi chini ya kitanda, lakini amesema atazifungua mwenyewe akipenda.

Suala la daftari amelikubali, na ametaka barua iandikwe kwa jina lake. Cheti nimekipeleka kwa mtengeneza fremu wa Biashara Street abadilishe kioo na kuziba nyuma wadudu wasiingie tena. Aliniuliza kama ile pembe iliyoliwa aikate ili karatasi ikae sawa. Nimemwambia asiiguse.